Leseni ya tani kubwa: miaka kumi na tano ziwani, hakuna hata ukurasa mmoja

Wengi mmezoea kusoma hapa habari za mbegu, uanikaji wa dagaa na bei ya mawese. Leo naomba tuzungumze kuhusu leseni ya nahodha, hasa namna mtu aliyeruhusiwa kuongoza chombo kidogo anavyopanda hadi chombo kikubwa. Mkulima ataniuliza, hiyo inanihusu nini? Inakuhusu, kwa sababu mahindi yako yakitoka Kalya yanapita majini, na nauli ya gunia inategemea ukubwa wa chombo kilichopo na mtu aliyeruhusiwa kukiongoza.

Kuna mfanyabiashara mmoja wa Ujiji ninayemfahamu. Aliuza kiwanja, akaongeza mkopo, akajenga boti kubwa kuliko yote aliyowahi kumiliki. Nahodha wake alikuwa naye tangu akiwa kijana wa kumwaga maji, kisha baharia wa kawaida, kisha mshika usukani. Boti lilipokamilika na kukaguliwa, ikaonekana leseni ya yule nahodha inaishia kwenye vyombo vidogo. Akaenda kuomba apandishwe. Akaulizwa maswali matatu: umefanya kazi majini muda gani, kwenye chombo cha ukubwa gani, na ushahidi uko wapi? Muda alikuwa nao, miaka kumi na tano. Ukubwa wa vyombo aliukadiria kwa kichwa. Ushahidi hakuwa nao hata ukurasa mmoja. Boti lilikaa mwaloni miezi mingi, mbao zikakauka na kalafati ikaanza kuachia, huku mkopo unaendelea kudai.

Mwaloni watu walisema mengi. Wengine walisema ni makaratasi ya watu wa Dar es Salaam wasiojua kusi linavyopiga mwezi wa saba. Wengine walisema sharti la muda lifutwe, mtu apelekwe ziwani apimwe hapo hapo. Maoni yangu ni tofauti. Sharti la muda ni la haki na lisiguswe. Tatizo ni kwamba siku za watu wetu haziandikwi, na ngazi ya kupandia imeanza juu mno kwa mtu anayetoka kwenye boti la mbao. Hayo mawili yanarekebishika, na la kwanza linaweza kuanza kesho asubuhi bila kusubiri serikali.

Tani inayozungumzwa ni ipi?

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja unaowagharimu watu. Mfanyabiashara akisema "boti langu ni la tani ishirini" ana maana linabeba mzigo wa tani ishirini. Leseni ya nahodha haisemi habari hiyo. Tani zinazoandikwa kwenye leseni na kwenye hati ya chombo, zile zinazofupishwa GT, hupima nafasi ya ndani ya chombo, yaani ujazo wake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 wa kupima meli ndio uliweka kanuni hiyo. Mpimaji anatafuta meta za ujazo za nafasi zote zilizofungwa, kisha anazidisha kwa namba ndogo inayoongezeka kidogo kidogo kadiri chombo kinavyokuwa kikubwa. Chombo chenye nafasi ya meta za ujazo 100 kinatoka na GT 24. Chenye meta za ujazo 1,000 kinatoka na GT 260. Hakuna mahali ulipoulizwa kinabeba magunia mangapi.

Kwa hiyo nahodha anayejaza fomu na kuandika "nimeendesha boti la tani 40" kwa sababu alipakia saruji tani 40, anaandika kitu ambacho mkaguzi hawezi kukitumia. Na mwenye boti ambalo halijawahi kupimwa wala kusajiliwa ajue kwamba siku zote ambazo nahodha wake amefanya kazi humo hazina namba ya kuziandikia. Ni sawa na mkulima anayetaka mkopo kwa shamba ambalo halijawahi kupimwa. Shamba lipo, mazao yapo, lakini benki haina cha kushika.

Mafundi wa mashine, ninyi hampimwi kwa tani. Kwenye cheti chenu kinachoangaliwa ni nguvu ya mashine kwa kilowati, na kwenye kanuni za dunia mipaka ni 750 na 3,000. Mashine ya farasi 40 ni kama kilowati 30 hivi. Muione safari ilivyo ndefu, lakini na ninyi siku zenu zinahitaji kuandikwa vilevile.

Siku zinahesabiwaje

Nchi yetu imo katika mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia uliopitishwa mwaka 1978, ambao watu wa fani wanauita STCW. Ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mwaka 2010 huko Manila. Mkataba huo ndio unaoweka kiwango cha chini, na kila nchi inatunga kanuni zake juu yake. Kwetu msimamizi ni TASAC, iliyopokea kazi ya usalama wa vyombo vya majini kutoka SUMATRA.

Kwa safari za karibu na pwani kwenye meli chini ya GT 500, mtu anayetaka kuwa afisa wa zamu anatakiwa awe amepata mafunzo maalumu yenye muda wa kutosha wa kazi melini, au awe amefanya kazi ya sitaha kwa miezi isiyopungua 36. Akitaka kuwa nahodha wa meli hizo, awe na umri usiopungua miaka 20 na awe ameshika zamu kama afisa kwa miezi isiyopungua 12. Ukivuka GT 500 mambo yanakazwa. Afisa anatakiwa miezi 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, yenye kitabu cha kumbukumbu kinachojazwa kazi kwa kazi, au miezi 36 bila mafunzo hayo. Na katika muda huo, kwa miezi isiyopungua sita, awe amesimama zamu kwenye chumba cha usukani chini ya macho ya nahodha au afisa mwenye cheti. Kufikia unahodha wa meli hizo kubwa ni miezi 36 ya uafisa, inayoweza kupungua hadi 24 kama 12 kati ya hiyo aliifanya akiwa afisa mkuu, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha.

Soma tena hayo maneno "chini ya macho ya nahodha". Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza. Kuwa ndani ya chombo hakutoshi. Kinachotafutwa ni ulikuwa unafanya nini humo. Mtu aliyekaa miaka mitano kwenye shetri akilinda mzigo usilowane hana zamu hata moja.

Kuna na jambo ambalo wazee hulisahau: muda unachakaa. Mwenye cheti anapotaka kukihuisha baada ya miaka mitano, njia ya kawaida ni kuonyesha amefanya kazi melini angalau miezi 12 ndani ya miaka hiyo mitano, au miezi mitatu ndani ya miezi sita ya mwisho. Nahodha aliyeacha chombo akafungua duka la nafaka Mwanga kwa miaka sita asitegemee kurudi na cheti kile kile kama vile alitoka jana.

Milango mitatu iliyofungwa

Sasa twende kwenye kinachonisumbua. Mkataba wenyewe unasema unahusu meli za baharini, na unatoa nje vyombo vya namna kadhaa. Unatoa vyombo vinavyotembea kwenye maji ya ndani ya nchi tu. Unatoa vyombo vya uvuvi, ambavyo vimewekewa mkataba wao tofauti wa mwaka 1995. Na unatoa meli za mbao zilizojengwa kwa namna ya kienyeji. Mchukue kijana wa Katonga aliyeanza na kipe cha dagaa, akahamia boti la mbao la mizigo pale Kibirizi, na hajawahi kutoka Ziwa Tanganyika. Uvuvi, mbao, ziwa. Milango yote mitatu imemfungia kijana mmoja.

Hapa nisieleweke vibaya. Mkataba hauzuii nchi kuhesabu siku za huyu kijana. Unaposema maana ya muda wa kazi melini, unasema ni kazi iliyofanyika kwenye chombo kinachohusiana na cheti kinachoombwa. Neno ni "kinachohusiana", na anayeamua nini kinahusiana ni mamlaka ya nchi. Kwa leseni ya kuongoza chombo ndani ya Ziwa Tanganyika, kitu gani kinahusiana zaidi ya miaka kumi na tano ndani ya Ziwa Tanganyika? Kwa cheti cha kwenda kuongoza meli Mombasa au Muscat ni habari nyingine, na nitaifikia.

Wenzetu Marekani wana maziwa makubwa, mito mikubwa na bahari pande mbili, kwa hiyo swali hili walishalipitia. Kwa nahodha wa vyombo visivyozidi tani 100 wanatoa leseni ya maji ya ndani kwa mwaka mmoja wa kazi. Kwa leseni ya karibu na pwani wanataka miaka miwili ya bahari, lakini mwaka mmoja kati ya hiyo unaweza kuwa wa ziwani au mtoni. Yaani nusu. Siku moja kwao ni saa nane za kazi, na kwenye vyombo vidogo ambavyo ratiba yake ni fupi wanaweza kuikubali siku ya saa chache, lakini haishuki chini ya saa nne.

La kuigwa zaidi ni namna wanavyopandisha tani. Hawana ngazi moja kubwa kutoka sifuri hadi 500. Kwa leseni hizi ndogo, hadi tani 200, kiwango kinakwenda kwa vipande vya tani 50, na wanaangalia ulifanya kazi kwenye vyombo vya ukubwa gani. Kama angalau robo ya muda wako ulikuwa kwenye chombo cha ukubwa fulani, unaweza kupewa ukubwa huo. Kama angalau nusu ya muda ulikuwa kwenye ukubwa fulani, unaweza kupewa mara moja na nusu yake. Wanaangalia hesabu iliyo kubwa. Na kama maisha yako yote umekaa kwenye vyombo vya chini ya tani tano, utapewa leseni yenye kikomo cha tani 25, basi. Ni hesabu ambayo muuza dagaa yeyote wa Kibirizi anaielewa akielezwa mara moja. Kila siku ina thamani kulingana na chombo, na kila hatua inafikika.

Maoni yangu ni kwamba ziwa letu linahitaji ngazi ya vipande vidogo namna hiyo, iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kubandikwa Kibirizi, Ujiji, Kalya, Karema na Kasanga. Mtu aione akiwa na miaka 18 ajue atafika wapi akiwa na 30.

Kwa nini sharti lenyewe libaki

Wanaotaka sharti lifutwe huwa nawakumbusha Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, hatua chache kutoka gatini, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi. Na Rais Magufuli alilieleza taifa kwamba nahodha hakuwa ndani, usukani alikuwa ameachiwa mtu asiye na mafunzo. Kabla ya hapo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama na mamia ya watu. Kwenye ziwa letu hili, upande wa Kongo, Desemba 2014 MV Mutambala ilizama na watu zaidi ya 120.

Chombo kikubwa hakiongozwi kama chombo kidogo kilichokuzwa. Boti la mbao ukizima mashine linasimama baada ya muda mfupi. Meli ya zaidi ya meta 70 kama Liemba inaendelea kusonga, na kama ulichelewa kuamua, uamuzi umeshafanyika bila wewe. Upepo unaoshika ubavu wa juu unaisukuma pembeni wakati wewe unaangalia mbele. Mafuta yakipungua tangini na mzigo ukiwa juu, chombo kilichokuwa kimetulia asubuhi kinaanza kuyumba jioni. Haya mtu huyajua mwilini, kwa kukaa humo misimu kadhaa, ameona kusi la Juni hadi Agosti na ameona dhoruba za ghafla za masika. Darasa linaeleza sababu, lakini mwili unajifunza kwa muda.

Wapo wanaonijibu kwamba wazee wetu walivuka bila cheti. Kweli walivuka. Ujiji ilikuwa na majahazi kabla mkoloni hajafika, na Edward Coode Hore, baharia Mwingereza mwenye cheti cha unahodha aliyekuja na wamisionari na kuingia Ujiji mwaka 1878, alilizunguka ziwa na kulichora ramani akiwa na mabaharia wa hapa hapa. Cheti alikuwa nacho yeye, ziwa walikuwa wanalijua wao. Ramani ikabaki na jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika. Mimi hapo nasoma jambo moja tu, na limo kwenye kichwa cha makala hii.

Na ziwa linahitaji watu hawa. Mei 2015, Warundi maelfu walipokusanyika Kagunga bila barabara ya kuwatoa, Liemba ndiyo iliyowachukua hadi Kigoma, safari baada ya safari, mamia kwa mamia. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Serikali imesema italeta meli mpya kwenye ziwa hili. Swali langu ni dogo: zikifika, nani atasimama kwenye usukani? Kama hakuna kijana wa mwambao mwenye siku zilizoandikwa, watatoka Mwanza, Tanga na Dar es Salaam. Sina ugomvi nao, ni Watanzania wenzetu. Lakini sioni sababu ya kijana wa Ujiji kubaki mpakia magunia kwenye meli inayopita mbele ya nyumba ya mama yake, wakati ndiye anayejua wapi kuna mawe kati ya Kigoma na Mgambo.

Matajiri wa vyombo, hapa nawasema ninyi

Nimekaa na wenye boti wengi. Wengi ni watu wema. Lakini kuna tabia moja naichukia. Nahodha akiomba barua ya kuthibitisha kwamba amefanya kazi kwako, unamwambia "subiri", kwa sababu unaogopa akipata cheti kikubwa ataondoka. Ni kweli anaweza kuondoka. Lakini ukimzuia, siku ukijenga boti kubwa hutakuwa na wa kulipeleka. Utakuwa na njia tatu: kuliacha mwaloni likauke, kutafuta nahodha wa mbali kwa mshahara wa mbali na nyumba juu yake, au kumpa usukani mtu asiyeruhusiwa. Ukichagua hiyo ya tatu na kukatokea ajali, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, na wewe una kesi. Mwenye mzigo naye, mkulima wa Kalya aliyeweka magunia 30, anabaki na mikono mitupu bila kujua kwamba tatizo lilianzia kwenye barua ambayo haikuandikwa.

Tabia ya pili ni kinyume chake, na ni mbaya zaidi. Tajiri anasaini muda wa uongo. Mpwa wake amekaa miezi minne, barua inasema miaka mitatu. Barua ya namna hiyo ni sawa na kutoboa boti. Inaharibu pia thamani ya barua za kweli, kwa sababu mkaguzi akishakamata tatu za uongo kutoka mwalo mmoja, za kweli zote anazisoma kwa mashaka.

Mfanyabiashara mdogo usiye na boti na wewe una nguvu. Unapopakia mzigo, uliza chombo kimesajiliwa? Nahodha ana leseni inayofikia ukubwa huu? Ukiuliza peke yako utaonekana msumbufu. Mkiuliza wafanyabiashara kumi wa dagaa kwa pamoja, mtasikilizwa, maana mzigo wenu ndio mafuta ya mashine yake.

Cha kuandika, kuanzia sasa

Chukua kauntabuku ya kawaida yenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika jina la chombo, namba yake ya usajili, urefu, ukubwa kwa GT kama kimepimwa, na nguvu ya mashine. Ukihamia chombo kingine, anza ukurasa mpya wa namna hiyo. Halafu kila safari ni mstari mmoja: tarehe na saa ya kuondoka, ulikotoka, ulikokwenda, tarehe na saa ya kufika, na kazi yako humo. Kwenye kazi usiandike "baharia" tu. Andika "nilishika usukani saa nane usiku hadi kumi na moja alfajiri, nahodha akiwepo". Andika na hali ya ziwa kwa maneno mawili matatu. Mkaguzi mwenye uzoefu anajua siku ambazo kusi lilichafuka, na daftari la kweli linafanana na ziwa lilivyokuwa.

Kila mwisho wa mwezi nahodha asaini, na tajiri asaini, kila mmoja aandike jina kamili na namba ya simu. Mwisho wa msimu omba barua inayojumlisha siku zile, na kama tajiri ana mhuri augonge. Kama hana, mpelekee mtendaji wa kijiji au viongozi wa mwalo washuhudie. Usisubiri ugomvi. Barua inayoombwa siku ya kuagana kwa hasira haipatikani, na tajiri akifariki warithi wake hawakujui. Piga picha kila ukurasa kwa simu, umtumie mtu mmoja unayemwamini aliye nchi kavu. Kauntabuku hulowana, simu huzama, nadra vyote viwili kwa siku moja.

Daftari hili halichukui nafasi ya kitabu rasmi cha baharia. Kitabu rasmi unakiomba TASAC, na mwenye kufikiria kupanda juu akiombe mapema, kwa sababu siku zinazoandikwa humo zina uzito kuliko za kwenye kauntabuku. Mafunzo ya awali ya usalama nayo ni manne, yaani kujiokoa majini, kuzuia na kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama wa mtu binafsi kazini. Pamoja na cheti cha afya, hayo ndiyo utakayoulizwa mwanzo kabisa, hata kabla ya siku zako. Chuo cha Bahari Dar es Salaam kinayafundisha. Kwa mtu wa Kigoma nauli ya kwenda huko na kulala ni mzigo. Ndiyo maana naishauri serikali iwalete wakufunzi na wakaguzi hapa kwa wiki mbili kila mwaka, wakati ziwa limefungwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15, na vijana walikaa vijiweni miezi mitatu. Hakuna wakati mzuri wa darasa kuliko huo.

Kuhusu wanaotaka kutoka kabisa kwenda baharini, nawaambia ukweli. Ziwa halina maji kupwa na kujaa, halina msongamano wa meli kubwa kama Dar es Salaam. Sehemu ya muda wako itabidi uifanye upya baharini, na nadhani hiyo ni halali. Ninachopinga ni kuhesabiwa sifuri. Nusu, kama wafanyavyo Wamarekani, ingetosha kumfanya mtu wa miaka 28 asianze pamoja na wa miaka 18.

Yule nahodha wa Ujiji bado hajapanda. Tajiri wake alikubali kuandika barua ya miaka sita ya mwisho, ile ambayo risiti za mafuta na stakabadhi za ushuru wa bandarini bado zipo ndani ya ndoo nyumbani kwake, zikiwa na tarehe. Walikaa siku mbili wakizipanga kwa miezi. Miaka tisa ya mwanzo haina chochote, na matajiri wawili wa zamani wameshafariki.

Ijumaa asubuhi nitakuwa Kibirizi kwa kazi ya vichanja vya dagaa. Nimechora mfano wa ukurasa wa daftari na kutoa nakala hamsini. Mwenye kuhitaji aje nazo achukue, aje na namba ya usajili wa chombo anachofanyia kazi ili tujaze mstari wa kwanza pamoja.